Udhuru wa Kila Alhamisi

Mfanyabiashara Mwislamu wa Kitanzania anayefika Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza huwa na hofu mbili: kudhulumiwa kwenye mzigo na kulishwa nguruwe. Hofu ya kwanza ameizoea tangu Kariakoo. Ya pili ndiyo iliyompa Sesilia kazi.

Sesilia alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya chakula, binti wa mwalimu wa shule ya msingi huko Marangu. Kila Alhamisi jioni, maduka ya jumla ya Shahe yakishafungwa na watu wamekwisha kushona marobota yao, alikutana na wageni wake kwenye mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Xiaobei, akawatembeza kwa miguu katika vichochoro vya mtaa ule. Walikula wakitembea, kidogo hapa, kidogo pale: mishikaki ya kondoo iliyonyunyizwa bizari nyembamba na pilipili, mkate wa tanuri wenye ufuta, tambi zinazovutwa kwa mkono mbele ya macho yako, maziwa mazito yaliyogandishwa kwa mvuke, na kikombe cha chai chungu ya mitishamba ambayo wenyeji huinywa wakisema inatoa joto mwilini. Posho ya masomo ilimlisha Sesilia. Matembezi haya yalimvisha na kumlipia nauli ya kwenda kwao likizo.

Aliyeyaanzisha alikuwa Khatib, Mpemba aliyekuwa akisomea uhandisi. Sifa ya Khatib ilikuwa moja: hakumpeleka mtu kibanda ambacho yeye mwenyewe hajaingia jikoni mwake. Sesilia alifuatana naye kama mkalimani, kwa sababu Kichina cha Khatib kilikuwa cha vitabuni na cha Sesilia kilikuwa cha vichochoroni, tena na Kikantoni juu yake, lugha ya wenyeji wa mji, aliyoiokota kwa wapishi. Khatib alipomaliza masomo akarudi nyumbani, alimkabidhi wageni. Kwenye kundi la simu aliandika kwamba tangu siku ile mwalimu wao ni huyu, na kwamba anajua kuliko yeye. Jina alisahau kuliandika. Dini hakufikiri kama ni kitu cha kuandikwa.

Faraghani alimwambia, "Wakikuuliza, waambie."

"Kwani naficha?" alisema Sesilia.

Wakati ule alikuwa hafichi.

Alhamisi yake ya kwanza peke yake ilikuwa ya mvua, na nywele zake alikuwa amezifumua siku ile. Alijifunga mtandio. Mwenye mgahawa wa tambi, Mwislamu wa Kichina kutoka jimbo la Qinghai, alimpa salamu ya Kiislamu kama alivyompa siku zote, naye akaitika kama alivyoitika siku zote. Wageni wakatazamana kwa kuridhika. Bi Zulekha, mama wa Kizanzibari anayenunua madera na mitandio kwa jumla, akasema, "Alhamdulillahi. Tumepata mtoto wetu."

Sesilia alikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Tambi zikaletwa, na nafasi ikapita.

Kuna watu watakaosema kwamba hapo hakudanganya. Alidanganya. Mtu anayeacha jambo lisilo la kweli limkae mwilini kwa sababu linamfaa amekwisha kudanganya, na kilichobaki ni kutafuta maneno. Maneno yalitakiwa jioni ile ile. Mgahawa ule una chumba cha kusalia ghorofani, na magharibi ilipoingia wageni walivua viatu chini ya ngazi, wakapanda.

"Mwalimu, hupandi?" aliuliza Bi Zulekha.

"Nina udhuru, mama."

Neno hilo alikuwa amelisikia kwa wasichana wa bwenini. Mwanamke wa Kiislamu aliye katika siku zake hasali, na akisema ana udhuru hakuna mtu mwenye adabu atakayeendelea kuuliza. Bi Zulekha alikuwa na adabu. Alimwachia mkoba wake amlindie, akapanda.

Tangu hapo Sesilia alikuwa na udhuru kila Alhamisi. Usingemletea shida, kwa kuwa wageni wake walikuwa watu wa kuja na kuondoka. Mtu hununua, hupakia, hufuata ndege uwanja wa Baiyun, na kundi la Alhamisi inayofuata huwa la watu wengine wasiojua kwamba la wiki iliyopita nalo liliambiwa hivyo hivyo. Mtandio nao hakuuvua tena, hata jua lilipowaka.

Shida ililetwa na kiwanda. Kilitia madera ya Bi Zulekha rangi ya kijivu badala ya urujuani, na Bi Zulekha akaapa hatatoka China mpaka kila dera limerudiwa. Akakaa. Na kwa kuwa alikuwa amekaa, kila Alhamisi alikuja matembezini.

Wiki ya pili alisikia udhuru, akatikisa kichwa. Wiki ya tatu aliusikia tena.

"Bado, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Aa," alisema Bi Zulekha.

Mwanamke aliyelea mabinti hahitaji kalenda kwa mambo haya. Sesilia aliisikia ile "aa" akaamini amegunduliwa. Wiki nzima aliandaa majibu ya kumjibu mtu mwenye hasira. Alijiandaa vibaya, kwa sababu Bi Zulekha hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa na huruma.

Alhamisi ya nne walikuwa watu wachache. Alikuwapo Bi Zulekha, alikuwapo Safia, mpwa wake wa Dar es Salaam anayeuza viatu vya kike, na alikuwapo Haroun, muuza vipuri wa mtaa wa Gerezani huko huko Dar es Salaam, ambaye alilipia matembezi hasa ili apate wa kumuuliza maswali.

"Mwalimu, hiki kibanda cha pembeni mbona tunakipita? Khatib alikuwa akitusimamisha hapa. Mimi mwenyewe nimekula."

"Amebadilisha anayemletea nyama, kaka Haroun. Nimemuuliza jina la mchinjaji, hajanipa."

"Lakini sikia harufu yake."

"Harufu nimeisikia. Jina ndilo sijalisikia."

"Mwalimu ana roho ngumu," Haroun alimwambia Safia. "Huyu akiolewa, mumewe atakula vipimo."

"Wewe mkeo anakulisha nini mpaka unanusa vibanda vya watu?" Safia alimjibu, na Haroun akanyamaza mpaka mwisho wa kichochoro.

Ndivyo alivyokuwa Sesilia katika jambo la nyama, na ni haki lisemwe. Aliingia majikoni, alifunua mafriji, aliuliza mafuta ya kukaangia yametoka wapi. Kila alichoambiwa kwa Kichina alikisema kwa Kiswahili bila kupunguza wala kuongeza, hata kilipokuwa kinamuaibisha mtu. Wageni hawakuwa na masikio mengine mjini pale ila yake. Alilijua hilo, na katika nyama hakulichezea.

Mgahawani, magharibi ilipoingia, Bi Zulekha hakumuuliza kitu. Alimshika bega, akalibonyeza, akapanda. Walikawia huko juu kuliko kawaida. Wa kwanza kushuka alikuwa Safia.

"Tumekuombea dua," alisema akivaa viatu. "Shangazi ameisimamia mpaka magoti yananiuma. Haroun upande wa wanaume naye anaitikia amina, hajui anaombewa nani. Ameambiwa ni mgonjwa tu."

Sesilia alisema asante. Alikuwa amekaa katikati ya viatu vya watu.

Walipotoka, Bi Zulekha alimtuma Haroun atangulie kwenye duka la maziwa akawashikie meza. Haroun akaenda mbio. Kisha Bi Zulekha akawaelekeza wenzake upande wa pili wa kichochoro, kwenye kibanda cha chai chungu. Kwa kawaida walikiacha kiwe cha mwisho. Nyuma ya mitungi miwili mikubwa ya shaba alisimama mama wa Kikantoni mwenye aproni, aliyezoea kumwona Sesilia na wageni wanaokunja nyuso.

"Mwambie huyu bibi," alisema Bi Zulekha, "nina mtoto wangu hapa, damu yake haikati, hii wiki ya nne. Wao wana miti ya kila kitu. Amtazame, ampe dawa."

"Mama, si lazima. Itakwisha."

"Mwambie."

"Naona haya."

"Haya ya nini? Sote hapa wanawake. Haroun nimemfukuza kwa ajili yako. Mwambie."

Basi Sesilia akageuka, akayatafsiri maradhi ambayo hakuwa nayo, neno kwa neno, kwa Kikantoni safi, akijitaja mwenyewe kama mgonjwa. Mama wa chai alimtazama. Alifuta mikono kwenye aproni, akamshika kifundo cha mkono wa kulia, akaweka vidole juu ya mshipa. Akakaa hivyo. Akashika na wa kushoto. Akamvuta ukope wa chini kuangalia wekundu wake. Akamwambia atoe ulimi, Sesilia akautoa, na kijana mmoja aliyekuwa akipita na pikipiki ya umeme akautazama pia.

Kisha mama yule akasema maneno mengi kwa sauti kubwa.

Safia alikuwa amenyoosha simu yake ili imtafsirie. Simu hizo huelewa Kichina cha televisheni, lakini Kikantoni cha kichochoroni huzichanganya. Ilifikiri, kisha ikatamka kwa Kiswahili: "Paa la jirani limenunua kikohozi."

"Kitupe hicho," alisema Bi Zulekha. "Mwanangu, amesema nini?"

Alichosema mama wa chai kilikuwa hiki: binti huyu hana tatizo lolote la damu, mishipa yake ni ya mtu anayekula vizuri na kutembea sana, na aliyesema anavuja damu mwezi mzima amesema uongo. Dawa hatauza kwa mtu mzima asiyeumwa. Kama wanataka kununua kitu, ipo chai ya koo.

Sesilia alisimama na maneno hayo kinywani. Katika kichochoro kile hapakuwa na mtu mwingine wa kuyaeleza. Angeweza kusema bibi ameshauri apumzike. Angeweza kununua kikombe, akanywa, na Alhamisi inayofuata akapanda ngazi na wenzake, akainama walipoinama. Hilo la mwisho alilifikiria, na lilimtia hofu kuliko yote, kwa sababu aliona linawezekana.

"Amesema siumwi," alisema.

"Hajui huyu. Kesho asubuhi nakupeleka hospitali. Nilikuwa niende Liuhua kwenye viatu na Safia, nimeahirisha."

"Amesema siumwi, mama, na aliyesema naumwa ni mwongo. Amesema kweli. Sina udhuru. Sijakuwa nao Alhamisi hata moja niliyokwambia. Mimi ni Mkristo. Naitwa Sesilia. Jumapili nasali kule kanisa kubwa la mawe, naimba kwaya, sauti ya pili."

Mama wa chai alikuwa akisubiri kujua kama watanunua.

"Sauti ya pili," alisema Safia, kama mtu anayerudia bei aliyotajiwa.

Bi Zulekha alimtazama Sesilia uso, akautazama mtandio, akarudi usoni. Hapo Haroun akarejea, mdomo una maziwa.

"Mbona hamji? Meza nimeshika, watu wananitazama vibaya."

"Mwalimu ni Mkristo," Safia alimwambia. "Na yule mgonjwa wa dua alikuwa yeye, wala haumwi."

Haroun alifuta mdomo taratibu. "Na nyama?" aliuliza.

"Nyama ni ya halali," alisema Sesilia. "Yote. Nimeingia kila jiko."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaumwa," alisema Haroun. "Nimekuitikia amina."

Sesilia alikuwa amefikiri kwamba uongo wake ulikaa pembeni, katika chumba chake, mbali na chumba cha nyama. Uongo haukai hivyo. Mtu akishajua kwamba umemdanganya juu ya mwili wako, hana sababu ya kukuamini juu ya mwili wa kondoo. Kazi yake yote ilikuwa ni kuaminiwa, na hakuwa ameuza kitu kingine tangu aanze.

Bi Zulekha alishusha pumzi. "Turudi," alisema. "Kibanda kwa kibanda. Tutawauliza wenyewe."

"Mimi nitafsiri?" aliuliza Sesilia.

"Wewe utanyamaza."

Wakarudi walikotoka. Sesilia alitembea nyuma. Mwenye mgahawa wa tambi alishangaa kuwaona tena, akadhani wamesahau kitu. Alikuwa mtu wa Kichina cha kawaida, kile simu inachokijua. Safia akamsogezea simu karibu na mdomo, Haroun akauliza: nyama hii nani anaichinja, na msichana huyu mnamjua vipi?

Mwenye mgahawa alisema kwa kirefu, akimnyooshea Sesilia kidole. Simu ikakaa kimya, kisha ikasema kwa sauti yake ya mtangazaji: "Nyama inachinjwa na kaka yangu mkubwa, msikitini wanamfahamu. Msichana huyu ni usumbufu. Kila wiki anaingia jikoni kwangu wakati wa wateja wengi. Anafungua friji. Alitaka kumwona kaka yangu. Kaka yangu alikuja kwa basi."

"Rudisha," alisema Haroun. Safia akairudisha, wakasikiliza tena mpaka kwenye basi.

"Muulize anajua kama ni Mkristo," alisema Bi Zulekha.

"Najua," ilijibu simu. "Mwaka wa kwanza nilimuuliza, akaniambia. Salamu ni ya bure, ninampa."

Bi Zulekha alikaa kwenye kiti. Mwenye mgahawa alimletea chai bila kuombwa.

"Mchina amekuuliza ukamwambia," alisema Bi Zulekha.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ungeniambia, ningekataa kufuatana nawe?"

Sesilia alifikiri, maana alitaka kujibu sawasawa. "Sijui. Niliogopa kwamba ungekataa."

"Hata mimi sijui. Hukunipa nafasi ya kujua." Aliipuliza chai. "Nyama imetoka safi. Wewe bado. Nimesimama pale juu, nimemwomba Mungu akuponye. Yeye anajua huumwi. Aliyesema asichokijua mbele Yake ni mimi."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe nikifika nyumbani. Hapa nina hasira na nina madera."

Safia aligeukia ukutani ili shangazi yake asimwone akicheka. Sesilia alimwona, na haikumsaidia.

Kabla ya kuagana, Bi Zulekha alimpa masharti. Hakutaka ujumbe wa simu wenye picha ya viganja vilivyoshikanishwa kuomba radhi. Alitaka Sesilia asimame kwenye mlango wa kituo Alhamisi inayofuata, mbele ya kila atakayekuja, aseme kwa mdomo wake yeye ni nani kabla mtu hajatia kitu kinywani. "Na atakayetaka kuondoka, mrudishie chake na umuage vizuri," alisema.

Sesilia alirudi bwenini akampigia Khatib, akamweleza yote. Khatib alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikwambia," alisema, na kwa kuwa kweli alimwambia, hakuwa na la kuongeza.

Alhamisi ikafika. Alisuka nywele, akaenda kichwa wazi. Mlangoni palikuwa na watu wengi kuliko kawaida, kwani Haroun alikuwa amekwisha kuisimulia habari Xiaobei nzima, na baadhi walikuja kuitazama sura yake tu. Alisimama karibu na ngazi, watu wakipita na masanduku.

"Mabibi na mabwana, hamjambo. Naitwa Sesilia, natoka Marangu, ni Mkristo Mkatoliki. Niliwaacha wengine wenu mniamini kuwa ni Mwislamu, na nilidanganya ili nisipande kusali. Vibanda ninavyowapeleka ni vya Waislamu, na majikoni nimeingia. Lakini mna haki ya kutoniamini. Anayetaka kuondoka, pesa yake hii."

Wengi waliondoka. Mzee mmoja wa Tanga alimwambia hana kinyongo naye ila tumbo lake ni la zamani, halitaki mafumbo. Wawili waliondoka bila kusema. Mwanamke mmoja Mkristo wa Mbeya, aliyekuwa akiogopa kuja miezi yote akidhani matembezi ni ya Waislamu peke yao, aliuliza kama anaweza kujiunga. Haroun alibaki, akasema amebaki kwa ajili ya maswali.

Bi Zulekha alikuja amechelewa, na madera yake yalikuwa yamekwisha kutiwa urujuani. Hakumsalimia kwa "mwanangu". Sesilia akamwambia, "Shikamoo, Bi Zulekha," akaitikia, "Marahaba," na kwa siku ile hilo ndilo alilopewa. Kwenye kibanda cha mishikaki Bi Zulekha alipita mbele, akasimama bega kwa bega na Sesilia, akatoa simu yake kubwa, akaiwasha.

"Muulize," alisema.

Sesilia akamuuliza mchoma mishikaki mchinjaji ni nani leo. Mchoma mishikaki akajibu, na Sesilia akatafsiri. Hakuna aliyenyoosha mkono. Simu ilizungusha kiduara chake, ikazungusha, moshi ukiwaingia machoni, mpaka ikatamka jambo lile lile kwa maneno mabovu zaidi.

"Haya," alisema Bi Zulekha, na watu wakaanza kula.

Walifika kibanda cha pili wamechelewa, mikate imepoa. Sesilia akauliza, mwoka mikate akajibu, Sesilia akasema alichoambiwa, na wote, yeye akiwa mmoja wao, wakasubiri simu iseme.